Viatu vya Mbwa Mwenye Unyayo Mwembamba: Namna ya Kupima, Kuchagua na Kumvalisha

Kiatu cha mbwa mwembamba huharibikia kwenye upana. Wenye mbwa wengi hupima urefu wa unyayo, au humtajia muuzaji kilo za mbwa na kuchukua saizi wanayoambiwa. Kiatu kinaingia bila shida, kisha kinazunguka mguuni kabla mbwa hajavuka geti. Soli inakuja ubavuni, mshono unakanyagwa, mkanda unabana mahali pasipostahili. Hapo ni heri mbwa angetembea peku.

Mwongozo huu ni kwa mbwa wa umbo la Greyhound, Whippet au Saluki, na zaidi kwa mbwa wetu wa kienyeji wa Arusha na Moshi wenye miguu mirefu, kifua kirefu na kiuno kilichoingia ndani. Unyayo wao unafanana na wa sungura: vidole viwili vya kati vimetangulia mbele, vya pembeni vimebaki nyuma na vimebanana. Juu ya unyayo, mguu ni mfupa, kano na ngozi nyembamba. Hakuna nyama wala mafuta ya kupokea mbano wa mkanda. Viatu vingi vinavyouzwa vimekatwa kwa unyayo wa duara, kama wa mbwa mnene wa ulinzi. Ndiyo maana kwa mbwa huyu upana unapimwa kwanza, na urefu unakuja kuuhakiki.

Jua kwanza unamkinga na nini

Lami ya mchana. Moshi iko chini kuliko Arusha, yapata mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari lami yake huwaka. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami na uhesabu polepole hadi 7. Ukishindwa kufika, mbwa naye anaungua. Kama hilo ndilo tatizo lako pekee, usinunue kitu: mtoe saa 12 asubuhi. Jioni pima tena kwa mkono, maana lami hutunza joto hata jua likishazama.

Miiba na changarawe. Hapa ndipo kiatu kinapolipa. Ukanda mkavu wa Kisongo, magharibi mwa Arusha, na tambarare za kusini mwa Moshi kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, zina mbigili na migunga. Changarawe ya volkano nayo haichomi bali inasugua; mbwa anarudi na unyayo uliolika na kuwa laini, na siku ya tatu anachechemea. Kwa mazingira haya unahitaji kiatu chenye soli halisi.

Matope ya masika. Kwenye njia za migombani za Kibosho au Machame, kati ya Machi na Mei, mbwa mzima hahitaji kiatu. Kucha zake ndizo zinazomshikilia kwenye utelezi, na ukizifunika unamnyang'anya breki.

Kidonda au bandeji. Kiatu kinafaa kuiweka bandeji kavu na safi wakati wa kutoka nje. Kiwe kikubwa kwa saizi moja kuliko kawaida, na kivuliwe akirudi ndani.

Funza wanastahili kutajwa peke yao. Kiatu si kinga ya kutegemea dhidi ya funza, kwa sababu mbwa hukivaa saa moja na funza wako kwenye vumbi la banda siku nzima. Ukiona kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati, kati ya vidole au pembeni ya kucha, mpeleke kwa daktari wa mifugo, badilisha matandiko na usafishe sakafu ya banda. Kiatu kikivishwa juu ya unyayo wenye funza, kinaongeza joto, jasho na kujisugua.

Aina za viatu, na ipi inamfaa

Kuna viatu vya mpira mwembamba visivyo na soli, vinavyovutika kama puto. Vya PawZ ni mfano unaojulikana. Vinashika umbo lolote la unyayo, kwa hiyo kwa mbwa mwembamba havizunguki. Vinafaa kwa bandeji, maji na sakafu ya vigae. Havifai kwa miiba kabisa: mwiba hupita kana kwamba hakuna kitu. Pia havipumui. Mbwa hutoka jasho kwenye nyayo, na ndani ya mpira jasho hilo halina pa kwenda. Mpira huo huo unakaza mguu muda wote, hivyo usizidishe saa moja, na usimwache nao usiku.

Kuna viatu vya kitambaa vyenye soli laini na mkanda mmoja au miwili. Kwa mbwa wengi wanaohusika hapa, hivi ndivyo vya kuanzia. Kitambaa kinakubali kubanwa kikafuata unyayo, na soli inapinda pamoja na vidole.

Kuna viatu vyenye soli nene ya mpira iliyomiminwa kwenye kalibu, kama vya Ruffwear. Soli hiyo haipungui upana hata ukaze mkanda vipi. Ikiwa pana kuliko unyayo, kingo zake hujitokeza nje, mbwa anajikanyaga na kujikwaa. Vichukue pale tu vinapouzwa kwa kipimo cha upana na saizi yako halisi ipo.

Kipimo cha kuangalia, uwe dukani au kiatu ulichoagiza mtandaoni kikifika, ni soli kupinda. Shika kiatu kwa vidole viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, ukipinde. Kisipopinda kwa nguvu ya vidole viwili, mbwa wa kilo 15 hatakipinda pia. Atatembea kama amevalishwa mbao.

Kupima unyayo

Andaa karatasi ngumu, penseli iliyochongwa, rula yenye milimita, na futi ya fundi cherehani. Uwe na msaidizi. Punguza kucha kwanza, kwa sababu kucha ndefu huongeza urefu wa uongo na baadaye hutoboa ncha ya kiatu.

1. Mtembeze mbwa dakika 10 kabla ya kupima. Vidole vikishafanya kazi hutanuka kidogo, na huo ndio upana atakaokuwa nao ndani ya kiatu.

2. Msimamishe juu ya karatasi kwenye sakafu ngumu. Usimpime amelala wala ameketi.

3. Msaidizi ainue mguu wa pili wa mbele ili uzito wote uangukie unyayo unaopimwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Bila uzito, unyayo huonekana mwembamba kuliko ulivyo, na kiatu kitakachonunuliwa kitambana kila akikanyaga.

4. Weka alama ya penseli kila upande mahali unyayo ulipo mpana zaidi, kwa kawaida usawa wa vidole vya pembeni. Penseli isimame wima. Ukiilaza inaingia chini ya vidole, na upana unapungua milimita 3 au 4 bila wewe kujua.

5. Weka alama nyuma ya kinyama kikubwa cha unyayo na mbele ya ukucha mrefu wa kati.

6. Kwa futi, zungusha sehemu nyembamba kabisa ya mguu, juu kidogo ya unyayo. Hapo ndipo mkanda utakapokaa.

7. Rudia kwa miguu yote minne. Ya mbele huwa mipana kuliko ya nyuma kwa milimita kadhaa, na kwa mbwa wembamba tofauti hiyo inatosha kubadili saizi.

Sasa linganisha. Urefu ukizidi upana kwa robo au zaidi, huyo ni mbwa wa unyayo mwembamba na jedwali la kawaida la saizi halimfai. Mfano: upana milimita 48, urefu milimita 68. Hapo urefu umezidi kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo ukichagua kwa urefu utapata kiatu kinachopwaya pande zote mbili.

Majedwali mengi hutumia inchi. Inchi 1 ni milimita 25.4, kwa hiyo milimita 48 ni takriban inchi 1.9. Saizi ya inchi 2 (milimita 51) inaacha nafasi ya milimita 3, nayo inatosha. Kwa unyayo huu nafasi ya upana iwe milimita 2 hadi 4 kwa jumla, na mbele ya kucha milimita 5. Kipimo kikiangukia kati ya saizi mbili, wenye mbwa wengine huchukua kubwa. Kwa kiatu cha kitambaa chukua ndogo, mradi ulipima kwa uzito na vidole havijikunji mbele. Kwa soli ngumu usichukue yoyote kati ya hizo mbili.

Tafuta muuzaji anayeuza jozi mbili mbili, ili mbele na nyuma uchukue saizi tofauti. Ukilazimika kununua seti ya vinne vinavyolingana, chagua vinavyotosha mbele, kisha nyuma ujazie kwa soksi. Soksi za pamba za mtoto mchanga hupatikana kwenye mitumba, soko la Memorial la Moshi au la Kilombero la Arusha. Zigeuze, mshono uwe nje. Mshono wa soksi ukiwa ndani, juu ya vidole visivyo na nyama, unachubua ndani ya nusu saa. Kama atavaa soksi, pima akiwa nayo.

Mkanda ndio unaoshikilia kila kitu

Kwa mbwa mnene, unyayo wenyewe hukizuia kiatu kisichomoke. Kwa mbwa mwembamba hakuna kizuizi hicho, kwa sababu unyayo wake haupishani sana upana na mguu ulio juu yake. Kiatu kinashikiliwa na mkanda peke yake. Uwe mpana, milimita 20 hadi 25. Mkanda wa milimita 10 unashika kama kamba na kukata juu ya kano.

Mkanda ukae kwenye sehemu nyembamba kabisa, chini ya kile kidole cha juu kisichogusa ardhi. Kidole hicho kiko upande wa ndani wa mguu wa mbele, na ni adui namba moja wa viatu vilivyoshonwa bila kukifikiria. Mkanda ukipita juu yake, ukucha unazamishwa kwenye ngozi. Kama shingo ya kiatu ni ndefu na lazima ikifunike, zungusha kwanza tabaka moja la bandeji ile inayojishika yenyewe, bila kuivuta, ndipo uvalishe.

Ncha ya mkanda iishie upande wa nje. Mbwa wembamba hupitisha miguu karibukaribu, na velkro iliyoishia ndani hugonga mguu wa pili na kujibandua.

Kaza hadi kidole chako kidogo kipite chini ya mkanda kwa kusukumwa. Kisha shika soli na uizungushe: ncha ya kiatu isitoke mbele ya vidole viwili vya kati. Mtembeze dakika 5 na ukaze tena, kwa sababu manyoya na soksi hulala na mkanda hulegea. Wengi hukaza mara moja tu, kisha wanalaumu kiatu kilichoachwa barabarani.

Kukitengenezea kwa fundi

Saizi nyembamba mara nyingi hazipo, na kuagiza nje ni gharama. Fundi viatu mzuri anaweza kushona jozi inayokaa vizuri kuliko ya kuagiza, akipewa maelekezo sahihi. Mchukulie karatasi yenye alama zako. Mbwa mwenyewe umpeleke siku ya kujaribisha.

La kwanza kusema ni hili: "Fundi, naomba soli ya tyubu, si ya tairi." Fundi wengi wa Arusha wana mkono wa katambuga na watakimbilia tairi. Tairi linamfaa binadamu. Kwa mbwa wa kilo 15 ni zito na halipindi. Tyubu ya gari, tabaka mbili zilizogandishwa, hupinda na hustahimili changarawe. Kama lengo ni miiba, kati ya tabaka hizo aweke kipande cha turubai nene.

Soli ikatwe kwa umbo la unyayo wenyewe, yai lililochongoka mbele, ikizidi milimita 1 hadi 2 kila upande na milimita 5 mbele. Usikubali duara. Sehemu ya juu iwe turubai laini au jinzi iliyochakaa. Jinzi mpya ni ngumu na huchubua. Shingo ifike sentimita 6 hadi 8 juu ya soli kwa mbwa wa wastani, mradi isiguse kidole cha juu. Mshono wa kufunga ukae ubavu wa nje wa mguu, na kingo za kitambaa zibaki nje ya kiatu, hata kama haipendezi macho. Hii ina maana kiatu cha kulia na cha kushoto si kimoja. Viandike alama kwa kalamu ya wino usiofutika.

Velkro ashone, asibandike. Gundi ya solusheni inashika soli vizuri, lakini velkro iliyobandikwa hubanduka kwa jasho. Viatu vikitoka kwa fundi, vianike penye hewa siku mbili hadi harufu ya gundi iishe kabisa. Mbwa atavilamba.

Mwambie ashone jozi moja ya mbele kwanza. Ikikaa vizuri kwa wiki, ndipo amalizie ya nyuma.

Kumzoesha

Siku ya kwanza, mwache anuse viatu karibu na chakula. Siku ya pili, mvalishe kimoja cha mbele kwa dakika 2, ukimpa dagaa au kipande cha nyama akiwa amesimama nacho, kisha vua. Siku ya tatu, viwili vya mbele, dakika 5 uani. Ongeza vya nyuma anapotembea vya mbele bila kusimama kuvitazama. Mbwa wengi wanafika matembezi ya dakika 20 baada ya wiki moja.

Mwanzoni atainua miguu juu kama kuku kwenye majani yenye umande. Hilo ni la kawaida na huisha. Akichechemea mguu mmoja tu, huo si ugeni wa kiatu. Kuna kinachomuumiza, vua uangalie. Usimwache peke yake akiwa amevaa, maana atatafuna mkanda, na kipande cha velkro tumboni kinaweza kuziba utumbo.

Mbwa wa mbio akifunguliwa uwanjani, avuliwe. Mwendo wake wa kasi unategemea vidole kutanuka na kucha kushika ardhi. Viatu ni vya kutembea na kukimbia polepole.

Kinachoharibika, na sababu yake

Kiatu kinazunguka: ni kipana, au mkanda umekaa juu mno. Jaribu soksi kwanza. Isipotosha, mkanda wa pili ushonwe juu ya mgongo wa unyayo, nyuma ya vidole.

Kinachomoka kwa nyuma: shingo ni fupi, au mkanda umefungwa juu ya sehemu pana ya unyayo badala ya sehemu nyembamba ya mguu.

Ncha inatoboka ndani ya wiki mbili: kucha ni ndefu, au kiatu ni kifupi na vidole viwili vya kati vinasukuma. Kwa unyayo wa sungura hii hutokea hata upana ukiwa sawa, na ndiyo sababu urefu unahakikiwa.

Wekundu kuzunguka mguu, au mstari uliozama usioondoka dakika 10 baada ya kuvua: mkanda umekazwa mno au ni mwembamba. Vidole vikivimba au vikiwa baridi, vua papo hapo na usirudishe siku hiyo.

Malengelenge na manyoya yaliyonyonyoka kifundoni: vumbi. Vumbi la Arusha la kiangazi ni laini, linaingia kwa shingo ya kiatu na kuwa msasa. Kila nusu saa simama, vua, kung'uta.

Mbwa anachechemea kwenye lami lakini anatembea vizuri kwenye nyasi: kagua unyayo kama una kidonge kigumu cha mviringo ndani ya kinyama. Mbwa wa aina ya Greyhound hupata sugu za namna hiyo. Kiatu chenye soli ya sponji kinapunguza maumivu, lakini sugu yenyewe ni kazi ya daktari wa mifugo. Usiikate kwa wembe.

Mwiba uliosimama kwenye soli ni hatari ya kimyakimya. Hakuna soli laini inayozuia kila mwiba wa mgunga, na mwiba uliokwama nusu husukumwa ndani zaidi kwa kila hatua. Ukifika nyumbani pitisha kidole ndani ya kila kiatu polepole, kisha uung'oe kwa koleo kutoka nje.

Baada ya matembezi

Vua, tanua vidole, angalia katikati yake. Pakiwa na unyevu, kausha kwa kitambaa; pakiwa na harufu ya uchachu au rangi nyekundu, mpumzishe viatu siku mbili. Akiendelea kulamba baada ya hapo, aonwe na daktari.

Osha viatu kwa maji baridi na sabuni ya kipande, anika kivulini. Jua kali hukausha tyubu ikapasuka kwenye mikunjo. Velkro ikijaa mbigili na manyoya haishiki tena. Isafishe kwa mswaki wa zamani, na vilivyong'ang'ania uvichokoe kwa sindano. Nyuzi za turubai zikianza kuonekana chini ya soli, kiatu hicho kimekwisha. Fumua velkro uihifadhi, fundi ataishona kwenye jozi inayofuata.